Kimoja Kimoja: Ndani ya Seli ya Kimelea cha Malale

Ukitaka kuniudhi, nioneshe ule mchoro wa seli wa vitabu vya shule. Unaujua: duara kubwa, kiini katikati, mitokondria mbili tatu zimetupwa pembeni, lisosomu hapa, utando pale, na mishale ya majina kuzunguka kote. Kila oganeli inaelea kivyake, haina habari na jirani yake. Mwanafunzi anakariri jina na kazi, anaandika kwenye mtihani, anapata alama zake, na wiki ya pili hakumbuki hata moja. Simlaumu. Hakuna cha kukumbuka pale, maana mchoro wenyewe hausemi kwa nini kitu kikae hapo kilipo na si kwingine.

Mimi oganeli nilianza kuzielewa kwenye damu ya ng'ombe. Nilijifunzia kazi katika maabara ya mifugo, na kipimo cha nagana, yaani malale ya ng'ombe, tulikifanya hivi. Damu inavutwa kwenye kapilari nyembamba ya kioo, upande mmoja unazibwa, kisha inazungushwa kwenye mashine kwa kasi kubwa kwa dakika tano. Chembe nyekundu zinashuka chini, majimaji ya njano yanabaki juu, na katikati yao unatokea utepe mwembamba mweupe-kijivu wa chembe nyeupe. Vimelea hupenda kukusanyika hapo. Unakata kapilari milimita moja chini ya utepe, unadondosha kidogo kwenye slaidi, unafunika, unatazama kabla halijakauka.

Mzee aliyenifundisha hakuhitaji kusubiri rangi ya Giemsa ili ajue ni yupi kati ya vimelea watatu wa nagana, vivax, congolense au brucei, aliye mbele yake. Alitazama mwendo. "Huyu vivax," angesema bila kuinua uso kwenye hadubini. "Unamwona anavyokata mbio? Keshavuka." Na kweli, ukiinama wewe kutazama, kimelea kimeshapita upande wa pili na kuacha chembe nyekundu zikiyumba. Congolense yeye ni mdogo na mvivu, amejishika kwenye chembe nyekundu kwa ncha ya mbele, anajitikisa tu papo hapo. Brucei ana fujo, anajisokota na kusukuma chembe zote zilizomzunguka, lakini nusu dakika baadaye bado yuko palepale ulipomkuta. Nilimuuliza mwenyewe: "Mzee, kwani wote si wana mkia mmoja?" Akanijibu, "Mkia mmoja, ndiyo. Lakini umefungwa wapi?"

Swali lake ndilo lililonipeleka kwenye vitabu, na nadhani ndilo swali sahihi la kuulizia oganeli yoyote ile.

Nitamshikilia huyo wa tatu, Trypanosoma brucei, kwa sababu jamii zake mbili ndizo zinazoleta malale kwa binadamu: gambiense, anayetawala Kongo na Afrika ya Magharibi, na rhodesiense, wa upande wetu wa mashariki. Uganda peke yake ndiyo nchi yenye wote wawili. Kati ya 1900 na 1920 malale iliua watu zaidi ya 200,000 kandokando ya Ziwa Victoria upande wa Uganda, hasa Busoga na visiwani, mpaka serikali ya kikoloni ikawahamisha watu mwambao mzima. Mwaka 1903 David Bruce na Aldo Castellani walikuwa Entebbe wakitazama majimaji ya uti wa mgongo wa wagonjwa, na humo walimkuta yuleyule mdudu anayejisokota. Walichoweza kuona kwa hadubini za wakati ule ni umbo la nje tu: mwili mwembamba wa maikromita 20 hadi 30, kiini katikati, nukta ndogo nyeusi nyuma, na uzi unaotambaa ubavuni.

Uzi huo ni flajela. Inachomoza karibu na nyuma ya mwili, inapanda ubavuni ikiwa imeshikamana na mwili karibu njia nzima, na ni ncha yake tu iliyo huru, mbele. Ndiyo maana inapopiga, mwili wote unajisokota pamoja nayo. Na hapa kuna kioja. Flajela nyingi, kama mkia wa mbegu ya kiume, huanzishia wimbi kwenye shina na kulipeleka nchani, ili kuusukuma mwili kwa nyuma. Ya tripanosoma huanzishia wimbi nchani na kulirudisha kwenye shina. Kwa hiyo inavuta. Kimelea kinasafiri kikiongozwa na ncha ya mkia wake.

Ikate flajela hiyo kwa upana uiweke chini ya hadubini ya elektroni, utaona mpangilio ambao ukishauona mara moja huusahau. Jozi tisa za vijibomba vyembamba zimejipanga duara, na katikati ya duara vimesimama vijibomba viwili peke yake. Tisa na mbili. Kifungu chote kinaitwa aksonemu, na upana wake ni kama robo ya maikromita. Ukisogea karibu zaidi unakuta kwamba hata jozi zenyewe hazikugawana sawa. Kijibomba cha kwanza ni mviringo kamili wa nyuzi 13 za protini ya tubulini. Cha pili kina nyuzi 10 tu. Kimeegemea ukuta wa mwenzake na kuufanya wake. Kutoka kwenye kile kilichokamilika hutokeza mikono miwili ya protini iitwayo dainini, mmoja wa nje na mmoja wa ndani, ikinyooka kuelekea jozi ya jirani. Mikono ya nje inajirudia kila baada ya nanomita 24, kutoka shina mpaka nchani. Toka kila jozi pia kuna spoku inayoelekea kwenye vile viwili vya katikati.

Kazi inafanyika kwenye ile mikono. Dainini inavunja ATP, ile molekuli inayobeba nishati ya seli, inashika kijibomba cha jirani, inavuta, inaachia, inashika tena. Jozi moja inataka kuteleza juu ya nyingine. Zingekuwa huru, zingeteleza tu mpaka zikachomokana; lakini zimefungwa shinani na zimeunganishwa zenyewe kwa zenyewe, hivyo kuteleza kunageuka kuwa kupinda. Hilo halikubuniwa mezani. Mwaka 1971 Ian Gibbons na mwenzake walichukua mikia ya mbegu za yule mnyama wa baharini mwenye miiba mwili mzima anayewachoma watu miguuni maji yakitoka, wakavimega vile viunganishi kwa kimeng'enya, kisha wakaongeza ATP. Mikia haikupinda. Jozi ziliteleza moja baada ya nyingine zikarefuka mara kadhaa ya urefu wa mwanzo, mpaka mkia wote ukafumuka. Gibbons huyohuyo ndiye aliyeipa dainini jina lake mwaka 1965.

Sasa la kushangaza ni kwamba mpangilio huu si mali ya kimelea. Irene Manton, mwanabotania wa Leeds, aliuona mapema miaka ya 1950 kwenye mbegu za kiume za mimea ya jamii ya kuvumwani. Don Fawcett na Keith Porter wakaueleza mwaka 1954 kwenye vinyweleo vya seli za wanyama. Mimea, chura, konokono, binadamu: tisa na mbili. Vinyweleo vinavyofagia makohozi kutoka kwenye mapafu yako saa hii unaposoma vina jozi tisa na viwili vya katikati, mikono ileile ya dainini, umbali uleule. (Flajela ya bakteria usiichanganye humu. Ile ni uzi wa protini nyingine kabisa unaozungushwa na mota iliyo kwenye utando. Jina wanashirikiana, undugu hawana.)

Na ikiharibika kwa binadamu tunaijua. Mwaka 1976 Björn Afzelius, Msweden ambaye miaka ya nyuma ndiye aliyeiona ile mikono kwenye picha zake, alichapisha habari za wanaume waliokuwa hawapati watoto na wakati huohuo wanasumbuliwa na kifua na sinusi tangu utotoni. Mbegu zao zilikuwa hai lakini hazisogei. Alipozikata na kuzitazama, mikono ya dainini haikuwepo. Kifua kilikuwa kinajaa kwa sababu hiyohiyo, maana vinyweleo vya njia ya hewa havifagii. Na karibu nusu ya watu wenye tatizo hili moyo wao uko kulia na ini kushoto. Daktari Kartagener wa Uswisi alishaona tangu 1933 kwamba mambo haya huandamana, ila hakujua kwa nini. Baadaye ikaja kueleweka kwamba mtoto akiwa bado kijusi cha wiki chache, kuna seli zenye vinyweleo vinavyozungusha majimaji kuelekea kushoto, na mkondo huo ndio unaouambia mwili upi ni upande upi. Pasipokuwa na dainini, mkondo haupo, mwili unabahatisha. Kwangu mimi, mtu akiniuliza umuhimu wa kujua kilichomo ndani ya flajela, hapo naona swali limejibiwa.

Turudi kwa kimelea chetu, kwa sababu yeye ameongeza kitu. Ubavuni mwa aksonemu yake kuna fito nene ya protini iliyofumwa kama kimiani, inayokimbia sambamba nayo tangu flajela inapotoka mwilini. Vinyweleo vyetu havina kitu hicho. Mwaka 1998 kundi la Keith Gull kule Manchester lilizima jeni ya protini moja ya fito hiyo. Aksonemu ilibaki nzima, tisa na mbili kamili, lakini vimelea vilipooza na kuzama chini ya chupa. Miaka minane baadaye wakazima protini mbalimbali za flajela kwenye hatua ile inayoishi damuni, si ile ya tumboni mwa mbung'o anayevieneza, na hapo wakapata ambacho watu hawakukitarajia. Vimelea havikupooza tu. Vilishindwa kugawanyika. Vikavimba vikawa majitu yenye viini vingi na flajela nyingi ndani ya mwili mmoja, kisha vikafa.

Kwa nini kuogelea na kuzaliana viwe kitu kimoja? Jibu liko kwenye hesabu ya vitu. Seli ya ini lako ina mitokondria mamia na mamia. Ikigawanyika, kila upande utapata za kutosha hata kama hakuna aliyehesabu. Tripanosoma ina kimoja kimoja. Kiini kimoja, flajela moja, Golgi moja, na mitokondria moja tu, ndefu, iliyotandaa kutoka mwanzo wa mwili hadi mwisho. Kukosea kugawa kitu kimoja kati ya watoto wawili maana yake mtoto mmoja anakosa kabisa. Kwa hiyo kila kitu kimefungwa kwenye kingine, na kamba ya kufungia, kwa kiasi kikubwa, ni flajela. Mpya inaota kando ya ile ya zamani. Mashina yao yanasogezana mbali. Na mwishoni, kwenye damu, mapigo ya flajela mbili zinazovuta kila moja upande wake husaidia kuwachana ndugu hao wawili. Ukizima mapigo, wanabaki wamegandana.

Ile nukta nyeusi ya nyuma waliyoiona kina Bruce ndiyo mfano mzuri kupita yote. Inaitwa kinetoplasti, na ni DNA ya mitokondria, yote, imebanwa kwenye kisahani kimoja. DNA ya mitokondria yetu ni pete moja moja ya herufi 16,569, nakala nyingi zikiwa huru. Ya tripanosoma ni pete kubwa makumi kadhaa, kila moja ya herufi kama 23,000, pamoja na pete ndogo zipatazo 5,000, kila moja ya herufi kama 1,000. Na zote zimepitishwa moja ndani ya nyingine, kama vikuku vya bibi harusi ambavyo sonara kichaa amevifuma kabla ya kuviunga, hivi kwamba huwezi kutoa kimoja bila kukikata. Kila kimelea kinapogawanyika lazima pete ndogo zifunguliwe moja moja, zinakiliwe, zirudishwe kwenye mfumo, halafu kisahani kizima kipasuliwe viwili.

Nani anavivuta hivyo viwili? Flajela. Kisahani kimekaa ndani ya mitokondria, flajela iko nje, lakini kati yao kuna nyuzi zinazopita kwenye tando zote mbili za mitokondria na kushika shina la flajela. Mwaka 1991 Derrick Robinson na Gull walionesha kwamba mashina ya flajela yanapoachana ndipo DNA ya mitokondria inapoachana, na ukiyazuia mashina, DNA nayo inabaki palepale. Sijui mchoro wowote wa kitabu cha shule unaoweza kubeba jambo hilo. Mkia wa nje umeshikana na DNA ya ndani kabisa, kupitia kuta mbili.

Zile pete 5,000 ni za nini basi? Kwa muda mrefu zilionekana takataka, maana hazina maelekezo ya protini. Jeni za kawaida ziko kwenye pete kubwa, na nyingi zimeharibika, hakisomeki humo kitu. Mwaka 1986 Rob Benne na wenzake wa Amsterdam wakakuta kwamba RNA ya jeni moja, yaani nakala yake ambayo seli huisoma, ina herufi nne za U ambazo kwenye DNA hazipo kabisa. Watu wengi hawakuamini. Miaka miwili baadaye ikapatikana jeni ambayo zaidi ya nusu ya ujumbe wake ni U zilizochomekwa baadaye. Seli inanakili matini mbovu, halafu inaisahihisha herufi kwa herufi, inachomeka na kufuta, ikifuata vipande vidogo vya RNA vya kuongoza. Vipande hivyo ndivyo vinavyotoka kwenye pete ndogo. Nimewahi kumweleza rafiki yangu mhariri wa gazeti habari hii akasema hata yeye anawajua waandishi wa namna hiyo.

Utauliza gharama yote hiyo ya nini, na hasa kwa kimelea ambacho kikiwa damuni mitokondria yake inakaribia kulala. Damuni sukari ni tele, na kimelea kinaishi kwa kuivunja sukari tu. Mitokondria yake hapo inakuwa bomba jembamba lisilo na mikunjo ya maana ndani. Mbung'o akishamnyonya mgonjwa, mambo yanageuka. Tumboni mwa mbung'o sukari inaisha upesi, chakula kinachobaki ni asidi amino ya prolini, na bomba lile linavimba, linatoa matawi, linajaa mikunjo, linaanza kupumua kwa oksijeni kikamilifu. Keith Vickerman aliyachora mageuzi haya kwa hadubini ya elektroni katika miaka ya 1960. Oganeli ileile, ramani mbili, kutegemea imelala kwa nani.

Na hiyo sukari haivunjwi mahali tunapovunjia sisi. Sisi tunaivunja ndani ya ute wa seli, wazi. Mwaka 1977 Fred Opperdoes na Piet Borst walikuta kwamba kwenye tripanosoma vimeng'enya saba vya mwanzo vya kazi hiyo vimefungiwa ndani ya vifuko vidogo vyenye utando mmoja, ambavyo wakaviita glaikosomu. Vifuko hivi vina sababu. Vimeng'enya vya kwanza vya kimelea havina breki ile yetu ya kusimama mazao yakizidi. Vikimwagwa nje ya kifuko, vitaendelea kuwekeza ATP kwenye sukari bila kujua kama itarudi, na seli itafilisika. Kwa hiyo utando ndio breki yenyewe.

Nimechelewa kufika kwenye ile sehemu ninayoipenda kuliko zote, kibindo cha flajela. Chini ya utando wa tripanosoma kuna vijibomba zaidi ya mia vilivyojipanga sambamba mwili mzima na kuubana. Vinaupa mwili umbo, lakini vinauziba pia. Utando hauwezi kubonyea ndani kumeza chochote. Mahali pamoja tu vijibomba vimeachia nafasi, nako ni pale flajela inapotokea, ambapo utando umezama ukafanya kibindo kidogo kuizunguka. Ni chini ya asilimia 5 ya uso wote wa seli, na kila kinachomezwa au kutapikwa kinapita hapo.

Uso uliobaki umefunikwa na koti la protini ya aina moja, nakala kama milioni 10, zimesongamana kiasi kwamba kingamwili haioni kilicho chini yake. Mwili wa mgonjwa ukishalizoea koti hilo na kuanza kuua, vimelea wachache huwa wameshabadilisha na kuvaa lingine. Akiba ya jeni za makoti ni zaidi ya elfu. Homa ya malale inayopanda na kushuka kwa mawimbi inatokana na hilo. Lakini kuna ujanja wa pili usiosimuliwa sana. Kingamwili chache zikishika koti, kimelea hakilazimiki kubadilisha. Kinaogelea. Mwaka 2007 Markus Engstler na wenzake walionesha kwamba mwendo wa mbele unafanya majimaji yazisukume zile kingamwili zilizonasa, zikateleza juu ya utando kurudi nyuma, mpaka kwenye kibindo, ambako zinamezwa na kusagwa kwenye lisosomu. Mwendo wenyewe ndio ufagio. Ule ujisokotaji niliouona kwenye slaidi ya yule mzee, ambao haumfikishi brucei popote, ulikuwa ni kuoga.

Hapo pia ndipo tunapoponea sisi. Damu ya binadamu ina protini inayoitwa ApoL1, inayosafiri na chembe za mafuta. Kimelea kinazimeza kupitia kibindo kikidhani ni chakula, ApoL1 inafika kwenye lisosomu, inatoboa utando wake, lisosomu inavimba na seli inapasuka. Nagana ya ng'ombe haitushiki kwa sababu hiyo. Rhodesiense anatushika kwa sababu ana protini ya ziada inayoikamata ApoL1 kabla haijatoboa. Na baadhi ya watu wenye asili ya Afrika Magharibi wana ApoL1 iliyobadilika kidogo ambayo rhodesiense hawezi kuikamata; kinga nzuri, ila mwaka 2010 iligundulika kwamba kurithi mabadiliko hayo kwa baba na kwa mama huongeza sana hatari ya ugonjwa wa figo, jambo linaloonekana wazi kwa Waamerika weusi.

Dawa nazo zinapigania mlango huohuo. Melarsoproli, dawa ya sumu ya aseniki iliyoanza kutumika 1949 kwa malale iliyofika kwenye ubongo, iliua karibu mgonjwa mmoja kati ya 20 iliowatibu, na kwa miongo kadhaa hapakuwa na nyingine kwa rhodesiense wa hatua hiyo. Mwaka 2012 ikajulikana kwamba dawa hiyo, pamoja na pentamidini, dawa nyingine ya malale, huingia kwa kiasi kikubwa kupitia mfereji mmoja wa protini, AQP2, ambao kwa kimelea cha damuni umewekwa kwenye kibindo cha flajela na si kwingine. Vimelea kutoka kwa wagonjwa wa Mbuji-Mayi, Kongo, ambao ugonjwa uliwarudia baada ya melarsoproli, vilikutwa jeni ya mfereji huo imechanganyika na ya jirani yake. Mlango umefungwa, dawa inabaki nje. Leo kuna vidonge vya feksinidazoli, vilivyojaribiwa Kongo na kupitishwa kwa gambiense 2018, na tangu mwaka huo wagonjwa wanaoripotiwa duniani ni chini ya 1,000 kwa mwaka. Wengi wa wasomaji wangu wa Tanga wanajua pia kwamba mbung'o madume waliofanywa tasa walizalishwa kwao na kwenda kumwagwa Unguja kwa ndege, hadi mbung'o wa mwisho wa kisiwa hicho akaonekana 1996. Hiyo ni habari ya mdudu, si ya seli, ningeweza kuimalizia siku nyingine.

Ninachotaka kumalizia ni ngamia. Wafugaji wa kaskazini mwa Kenya na Somalia wanaujua ugonjwa wa surra unaokondesha ngamia hadi wafe, mahali ambapo mbung'o hafiki. Kimelea chake ni Trypanosoma evansi, na ukimkata ukamtazama ni brucei kabisa: flajela, fito, kibindo, koti. Kasoro iko kwenye kinetoplasti. Pete kubwa hana. Wengine hawana hata ndogo. Bila jeni zile hawezi kuiamsha mitokondria, na bila mitokondria iliyoamka tumbo la mbung'o ni kaburi. Ungetarajia ukoo wake uishie hapo. Badala yake ameacha kumhitaji mbung'o. Anabebwa na chafuo na nzi wengine wanaouma, mdomo ukiwa bado una damu mbichi, kutoka mnyama hadi mnyama, damu kwa damu. Mbung'o anaishi Afrika tu kusini mwa Sahara. Evansi ametoka na misafara ya ngamia akaenda Afrika Kaskazini, Uarabuni, India, Asia ya Kusini-Mashariki, hadi farasi wa Amerika Kusini. Aliyevunjika ndiye aliyesafiri.

Binadamu hamuumizi, kwa kuwa kinga ya kuishinda ApoL1 hana. Ila miaka ya 2000 mwanzoni mkulima mmoja wa Maharashtra, India, nchi isiyojua malale, alilazwa akiwa na homa zinazokuja na kuondoka, na kwenye damu yake kulikuwa na tripanosoma zinazojisokota. Evansi. Walipompima walikuta nakala zake zote mbili za jeni ya ApoL1 zimeharibika. Hakuwa na protini hiyo hata kidogo, na lisosomu za vimelea vyake zilikuwa salama. Walimpa suramini, dawa ya tangu miaka ya 1920 ambayo kimelea huimeza chenyewe kupitia kibindo cha flajela, na akapona.